Darrelle Revis: miguu, mikono na mikataba ya konabeki aliyeachwa peke yake (uzi mrefu)

Yadi Tano (mleta uzi)

Wakuu, NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ikianza huku kwetu wanaozungumziwa ni makwotabeki (warusha pasi) na wapokeaji wao, watu wenye takwimu nzuri za kubandika. Konabeki, beki wa pembeni anayemkaba mpokeaji, anatajwa siku aliyoachwa na mtu wake. Huu ni uzi wa konabeki mmoja, Darrelle Revis, na hoja yangu naiweka mapema ili mwenye kubisha ajipange: ukabaji wake na mikataba yake ni habari moja. Alijua bei ya beki anayeweza kuachwa peke yake na mpokeaji bora wa wapinzani, bila msaidizi nyuma yake, na kila alipokaa mezani aliuza kitu hicho hicho.

Kwa wageni: ulinzi wa nyuma una makonabeki wawili pembeni na masefti wawili katikati, nyuma zaidi. Siku hizi beki wa tano, yule wa nikeli, yuko uwanjani zaidi ya nusu ya mechi. Konabeki akiweza kumaliza kazi peke yake, sefti wa upande wake anakuwa huru: anaweza kwenda kusaidia upande wa pili au kumvamia kwotabeki. Faida yake haionekani kwenye takwimu za konabeki, inaonekana kwa wenzake kumi.

Revis alizaliwa Aliquippa, Pennsylvania, tarehe 14 Julai 1985. Ni mji wa chuma kando ya mto Ohio, karibu na Pittsburgh. Kiwanda kilikufa, wachezaji wakaendelea kutoka: Mike Ditka na Ty Law ni wa hapo hapo. Akasoma Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akaingia drafti ya 2007, ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. New York Jets walikuwa na zamu ya 25, wakabadilishana na Carolina ili wapande hadi ya 14 wamchukue. Urefu kama mita 1.80, uzito kama kilo 90. Hakuwa mwenye mbio kuliko wote wala mrefu kuliko wote, na hilo tutalirudia.

Njia yake: Jets 2007 hadi 2012, Tampa Bay 2013, New England 2014, Jets tena 2015 na 2016, Kansas City mwishoni mwa 2017. Alistaafu Julai 2018. Pro Bowl (mechi ya nyota wa ligi) mara 7, timu ya kwanza ya All-Pro (kikosi bora cha msimu) mara 4 (2009, 2010, 2011, 2014). Akaingia Ukumbi wa Heshima wa Canton, Ohio, mwaka 2023, mwaka wa kwanza aliostahili kupigiwa kura.

Karibuni.

Mpinzani Halali

Mkuu, nianze kubisha. Revis alinasa pasi za wapinzani 29 tu katika maisha yake yote ya NFL. Ronde Barber alinasa 47, akaangusha makwotabeki mara 28 juu yake, na alisubiri kuanzia 2018 hadi 2023 ndipo wakamwita Canton. Ty Law, wa mji mmoja na Revis, ana 53. Iweje wa 29 apite mlango wa mbele siku ya kwanza?

Yadi Tano

Kwa sababu kunasa pasi kunategemea kurushiwa. Kwotabeki mwenye akili hapeleki mpira palipofungwa. Chukua msimu wa 2009. Kocha Rex Ryan ndiyo kwanza amefika Jets na mfumo wake wa uvamizi, akampa Revis amri moja: mfuate mpokeaji wao bora popote atakapokwenda. Andre Johnson wa Houston aliondoka na mapokezi 4 ya yadi 35. Randy Moss wa New England, mechi ya kwanza, 4 za yadi 24. Steve Smith wa Carolina, pokezi 1 la yadi 5. Mechi ya mwisho ya msimu Chad Ochocinco wa Cincinnati hakushika hata moja, Jets wakashinda 37-0.

Mwaka huo Revis alinasa 6 na kuzigusa au kuzipangua pasi 31. Tuzo ya mlinzi bora ikaenda kwa Charles Woodson wa Green Bay aliyenasa 9. Sina ugomvi na Woodson, lakini naona wapiga kura walihesabu mipira iliyonaswa na wakasahau ile ambayo haikurushwa kabisa. Jets hao ndio walioruhusu pointi chache kuliko timu yoyote msimu ule, na walifika fainali ya AFC, mojawapo ya kanda mbili za ligi, wakiwa na kwotabeki mgeni wa ligi, Mark Sanchez.

Mtazama Kiuno

Ngoja nichangie upande wa ufundi, maana "Kisiwa cha Revis", jina la ile kazi yake ya kuachwa peke yake na mpokeaji, kinasemwa sana lakini kilivyojengwa hakielezwi.

Kwanza mahali pa kusimama. Kwenye presi konabeki yuko mbele ya mpokeaji, umbali wa mkono mmoja au zaidi kidogo. Revis mara nyingi alisimama akielemea bega la ndani la mpokeaji, yaani upande wa katikati ya uwanja. Sababu ni mstari wa pembeni. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, karibu mita 49, na hakuna beki anayeweza kulinda eneo lote hilo. Ukifunga ndani, umemsukumia kwenye ukanda mwembamba ambao mstari unakusaidia kuukaba bila kulipwa.

Kabla mpira haujaanzishwa unasoma umbali wa mpokeaji kutoka mstari huo. NFL ncha ya chini ya zile namba zilizochorwa uwanjani iko yadi 12 kutoka pembeni. Aliyejipanga ndani ya namba ana nafasi kubwa nje, kwa hiyo tegemea njia za kukata kwenda nje. Aliyejibana karibu na mstari hana pa kwenda huko: atakata ndani au atakimbia moja kwa moja. Si sheria ya Mungu, ni uwezekano, lakini beki anaishi kwa uwezekano.

Mkao: miguu upana wa mabega, magoti yamekunjwa, kifua juu ya magoti, uzito mbele ya nyayo. Uzito ukirudi visiginoni utahitaji kwanza kuurudisha mbele ndipo usogee, na mpokeaji hatakusubiri. Macho yawe kiunoni pa mpokeaji. Kichwa, mabega na mikono vinatengeneza uongo. Kiuno kinakwenda mwili unakokwenda.

Sasa mpira umeanzishwa. Kosa la kwanza la makonabeki chipukizi ni kurusha mikono yote miwili papo hapo. Mpokeaji akiipangua, uzito wako wote uko mbele na yeye yuko nyuma yako. Revis alifanya kinyume: hatua fupi ya pembeni, miguu karibu na nyasi, hagusi mtu mpaka mpokeaji aonyeshe anakoenda kweli. Hapo ndipo mkono mmoja unapotoka, ule ulio kinyume na upande anaokwenda, unampiga kifuani, na nyonga inafunguka kumfuata. Akienda kulia kwako, mkono wa kushoto unagonga na mguu wa kulia unafunguka. Ukigonga na mkono wa upande ule ule, mwili wako unajizuia wenyewe kugeuka. Jaribuni mbele ya ukuta mtaona.

Baada ya yadi kama 5 anatakiwa awe sambamba naye, nyonga kwa nyonga. Hali hii inaamua kila kitu kinachofuata. Ukiwa sambamba, unamwegemea kidogo kidogo kuelekea mstari, nafasi ya kuangushia mpira inapungua, kisha unageuza kichwa kuutafuta. Ukiwa nyuma yake, USIGEUZE kichwa. Kila ukigeuza unapoteza hatua, na unageuka kukuta mpira umeshatua. Hapo tazama mikono na macho ya mpokeaji: macho yakipanuka na mikono ikipanda, pitisha mkono wako katikati ya mikono yake. Pasi nyingi kati ya zile 31 za 2009 ziliharibiwa kwa namna hii, mkono kuingia wakati mpira unafika.

Ndiyo maana kasi yake ya wastani haikumsumbua. Mbio za yadi 40 ni za mtu anayejua anakwenda wapi. Konabeki anarudi nyuma, anageuka, anasimama, anaanza upya, na Revis alikuwa mwepesi mno katika kusimama na kuanza upya.

Shangazi wa Spoti

Mtazama Kiuno umeeleza vizuri, lakini umeruka habari ya waamuzi, na bila sheria presi haieleweki.

Tangu 1978 beki anaruhusiwa kumgusa mpokeaji ndani ya yadi 5 tu kutoka mstari wa kuanzia. Wenyewe waliita kanuni ya Mel Blount, kwa sababu beki huyo wa Pittsburgh aliwaonea watu uwanja mzima. Mwaka 2004 waamuzi wakaagizwa kuisimamia kwa ukali. Adhabu zenyewe: kumgusa nje ya yadi 5 ni yadi 5 na wapinzani wanaanza upya majaribio yao manne. Kumshika ni hivyo hivyo. Kumzuia isivyo halali mpira ukiwa hewani ni mbaya kuliko zote, maana mpira unawekwa pale pale kosa lilipotokea. Pasi ya yadi 45 ambayo haikushikwa inageuka kuwa yadi 45 za bure.

Kwa hiyo konabeki aliyeachwa peke yake ana hesabu ngumu. Akichelewa kugonga, mpokeaji anapita huru. Akigonga yadi ya 6, kitambaa cha njano kinaruka. Ustadi wa Revis wa kusubiri mpokeaji ajifunue ulikuwa mzuri kwa sababu hakupoteza mguso wake halali kwenye danganyo la kwanza.

Mpinzani Halali

Sawa, ufundi nimekubali. Tuje kwenye tamaa. Jamaa aligoma 2007 kabla hata hajacheza, akagoma tena 2010 akiwa na mkataba halali. Huku tungemwita nani?

Hesabu za Mkataba

Mpinzani, hapa naomba nafasi, na nitakuwa mrefu.

NFL si kama soka la Ulaya. Klabu ya soka ikikuandikia miaka mitano, kwa kawaida unalipwa miaka mitano au wanakuuza. NFL ikikuandikia miaka sita, klabu inaweza kukuondoa baada ya mmoja, na kinachobaki mkononi ni zile fedha zenye dhamana tu. Kwa hiyo namba kubwa inayotangazwa gazetini ni pambo. Maswali ya mchezaji ni mawili: dhamana ni kiasi gani, na klabu itaumia vipi ikiniacha?

Hapo ndipo inaingia bonasi ya kusaini. Mchezaji analipwa mapema, ila kwenye ukomo wa mishahara (kiwango cha juu ambacho ligi inaruhusu klabu kulipa) klabu inaigawanya kwa miaka isiyozidi mitano. Wakimwacha kabla, sehemu iliyobaki inawaangukia kama mzigo uliokufa. Mzigo huo ndio ulinzi wa mchezaji kuliko saini yoyote.

Sasa 2010. Revis ametoka kwenye ule msimu wa 2009, na mshahara wake wa msingi wa mwaka unaofuata ni dola milioni 1. Nnamdi Asomugha wa Oakland alikuwa analipwa wastani wa zaidi ya milioni 15 kwa mwaka. Revis akakaa nje siku 36, kambi nzima ya mazoezi. Mawakala wake na meneja mkuu Mike Tannenbaum wakawa wanakutana kwenye mkahawa wa barabarani huko Roscoe, New York. Mwisho: miaka 4, milioni 46, dhamana 32. Zaidi ya theluthi mbili ina dhamana! Na kipengele ambacho wengi hawakukiona: Jets walizuiwa kutumia ile haki ya klabu kumfunga mchezaji mwaka mmoja zaidi mkataba unapoisha. Maana yake, akimaliza atakuwa huru kweli.

Mgomo ulikuwa desturi ya ukoo pia. Mjomba wake, Sean Gilbert, alikosa msimu mzima wa 1997 kwa kugombana na Washington kuhusu mkataba.

Tampa, 2013. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Tarehe 23 Septemba 2012 huko Miami alichanika ligamenti ya goti la kushoto, msimu ukaisha mechi ya tatu. Tannenbaum akafukuzwa, meneja mpya John Idzik hakutaka kumlipa, Aprili 2013 akampeleka Tampa Bay kwa chaguo la 13 la drafti ile na jingine la masharti mwaka uliofuata. Mkataba: miaka 6, milioni 96. Dhamana: SIFURI. Milioni 16 kila mwaka, hakuna bonasi ya kusaini, hakuna mzigo uliokufa.

Kwa nini mtu aliyegoma siku 36 kutafuta dhamana akubali sifuri? Kwa sababu kwa bei ile kubwa ya mwaka, klabu ilikuwa na njia mbili tu: imlipe yote au imwachie huru. Ni nyumba ya kupanga kwa mwezi, kodi juu, hakuna amana, mpangaji na mwenye nyumba wote wanaweza kuondoka. Alibeti kwamba goti litapona, na likipona, hata akiachwa, soko litamgombania. Alianza mechi zote 16 za msimu ule, ulioanza chini ya mwaka mmoja tangu upasuaji.

Tampa wakamaliza na ushindi 4 na vipigo 12, kocha Greg Schiano akaondoka, akaja Lovie Smith, mtu wa ulinzi wa zoni. Milioni 16 kwa mkabaji wa mtu kwa mtu haikuwa na maana kwake. Machi 12, 2014 wakamwacha bila kubaki na mzigo hata senti, wakakwepa bonasi iliyokuwa inafika siku hizo, na chaguo walilokuwa wanadaiwa na Jets likabaki la raundi ya nne badala ya kupanda hadi ya tatu.

Shangazi wa Spoti

Nikuchomekee hapo: Tampa walimtumia vibaya hata kabla ya Lovie. Schiano alimweka kwenye zoni mara nyingi mno kwa mtu wa bei ile. Kwenye zoni konabeki analinda eneo na macho yako kwa kwotabeki, mpokeaji bora anatoka eneo lako anaingia la mwenzako. Umenunua mtu wa kumfuata fulani, halafu unamwambia asimfuate.

Hesabu za Mkataba

Kweli kabisa. Naendelea.

New England, 2014. Milioni 12 kwa mwaka mmoja. Kwenye karatasi ilikuwa miaka miwili, wa pili ukiwa na mshahara wa milioni 20 ambao kila mtu alijua hautalipwa. Mwaka huo wa pili uliwekwa ili bonasi ya kusaini ya milioni 10 igawanywe mara mbili: 2014 Revis akahesabiwa milioni 7 tu kwenye ukomo wa mishahara. Machi 2015 klabu ikakataa mwaka wa pili, milioni 5 ikabaki kama mzigo, biashara ikaisha. Kati yake akavaa pete ya Super Bowl ya 49, fainali ya ligi.

Kisha Jets wakamrudisha: miaka 5, milioni 70, dhamana 39. Yaani 16 mwaka 2015, 17 mwaka 2016, na 6 kati ya zile za 2017. Mmiliki Woody Johnson alishatamka hadharani Desemba 2014 kwamba angependa arudi, wakati bado ni mchezaji wa New England. Ligi ikawatoza Jets faini ya dola 100,000. Ukilinganisha na milioni 70 hiyo ni nauli ya bodaboda.

Jumla ya maisha yake ya uchezaji ni zaidi ya milioni 120. Kuiita tamaa ni haki yako Mpinzani, ila angalia 2012. Goti lilipokatika, fedha zenye dhamana zilikuwa zimeshaandikwa. Angetii mshahara wa milioni 1 na goti likatike 2010, nani angemwandikia 46?

Kijana wa Drafti

Swali kwa Hesabu: mchezaji wa leo anaweza kurudia ule mgomo?

Hesabu za Mkataba

Kwa gharama kubwa zaidi. Mkataba wa pamoja wa mwaka 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliweka faini ya dola 50,000 kwa kila siku ya kambi kwa mchezaji aliyekwisha maliza mkataba wake wa kwanza, na klabu hairuhusiwi kuisamehe. Siku 36 kwa bei hiyo zingekaribia milioni 2. Pia tangu 2011 aliyechaguliwa kwenye drafti hawezi kujadili upya kabla ya kumaliza misimu mitatu, na wa raundi ya kwanza klabu ina hiari ya kumbakiza mwaka wa tano. Ndiyo maana siku hizi wanakuja kambini, wanahudhuria vikao, wanasimama pembeni na kofia bila kufanya mazoezi. Faini haipo, ujumbe umefika.

Mtazama Kiuno

Mgomo una bei nyingine ambayo haiandikwi kwenye mkataba. Revis alisaini siku chache kabla ya msimu wa 2010. Mechi ya pili, dhidi ya New England, Randy Moss akamwacha na kushika tachidauni (pasi iliyofika eneo la goli) ya yadi 34 kwa mkono mmoja, na Revis akashika nyuma ya paja papo hapo.

Msuli wa nyuma ya paja ndio unaopunguza mwendo wa mguu unapokimbia kwa kasi ya juu. Mtu anaweza kuwa na pumzi na nguvu za kutosha kutokana na mazoezi binafsi, lakini kasi kamili ya kumfukuza mtu, mara kwa mara, ukiwa umeanza kwa kurudi nyuma, huipati ukiwa peke yako. Kambi ya mazoezi inapandisha mzigo huo siku hadi siku. Ukiiruka, mguu unakutana na kasi ya Moss kabla haujazoea hata nusu yake. Alikosa mechi kadhaa, na hakunasa pasi hata moja msimu huo wote. Bado akawa All-Pro, ambayo inarudisha hoja ya mleta uzi: hawakumrushia.

Mpinzani Halali

Haya, nabadili upande wa mashambulizi. Deion Sanders je? Pasi 53, na ile biashara ya mwaka mmoja aliifanya kabla ya Revis: 1994 San Francisco kwa zaidi kidogo ya milioni 1, pete pamoja na tuzo ya mlinzi bora, mwaka uliofuata Dallas wakampa miaka 7 kwa milioni 35. Revis amenakili.

Yadi Tano

Njia ya fedha inafanana, nakubali. Ukabaji ni tofauti. Deion alikuwa na kasi ya kurekebisha kosa: aliweza kukaa mbali kidogo, kumshawishi kwotabeki kwamba mtu yuko huru, kisha akafika kabla ya mpira. Revis hakuwa na kasi hiyo, alimzuia kwotabeki kuwaza kabisa. Mwenye kutaka mipira mingi amchukue Deion. Mimi nikiwa kocha mwenye masefti dhaifu namchukua Revis. Tena Revis aligonga watu kwenye mbio za ardhini, Deion hilo hakulipenda.

Wengine watamleta Richard Sherman. Walirushiana maneno mtandaoni mwaka 2013, na bado napenda ubishi ule. Sherman, raundi ya tano 2011, alikaa upande wa kushoto karibu muda wote kwenye zoni ya Seattle ya watu watatu nyuma, Earl Thomas akiwa katikati. Ni kazi kubwa, lakini mpokeaji bora angeweza kuhamia upande wa pili. Revis alihama naye.

Shangazi wa Spoti

Isipokuwa New England, mkuu. Bill Belichick mara nyingi alimpa Revis mpokeaji wa PILI wa wapinzani, akae naye peke yake, halafu mpokeaji wa kwanza akapewa konabeki mwingine na sefti juu yake. Hesabu yake: wa pili amefutwa kabisa na mtu mmoja, wa kwanza ana wawili, kwotabeki anabaki na chaguo la tatu na la nne. Ukimpa Revis namba moja anaweza kumshusha hadi yadi 40. Ukimpa namba mbili anamshusha hadi hakuna kitu. Kwangu hayo ndiyo matumizi bora aliyowahi kupata, na ndiyo pete pekee aliyonayo.

Kijana wa Drafti

Na mwisho wake? 2016 nilichoona kwenye klipu ni balaa tupu.

Mtazama Kiuno

Mechi ya kwanza 2016, A.J. Green wa Cincinnati alishika 12 za yadi 180, ikiwemo tachidauni ndefu mbele ya Revis. Wiki iliyofuata huko Buffalo, Marquise Goodwin, mwanamichezo wa Olimpiki, alimpita kwa tachidauni ya yadi 84. Revis alikuwa na miaka 31, mkono umetoka kufanyiwa upasuaji wa kifundo masika yale.

Kinachoondoka kwanza kwa konabeki si mbio za moja kwa moja. Ni ile hatua ya kugeuza nyonga na kuanza upya. Akili inasoma njia sahihi, mguu unafika nusu hatua baadaye, na nusu hatua ni tofauti ya kuwa sambamba na kuwa nyuma. Beki anayejua amechelewa huanza kujilinda: anarudi yadi 7 au 8 kabla ya mpira kuanzishwa. Hapo kwotabeki anampa pasi fupi mbele ya uso wake jioni nzima, na beki akichoka kuonewa akapanda mbele, anapigwa ya juu. Alichofanyiwa Revis 2016 ni hicho hicho.

Makonabeki wengine huongeza miaka kwa kuhamia sefti, kama Charles Woodson na Rod Woodson, ambapo kusoma mchezo kunalipa kuliko nyonga. Wazo hilo lilisemwa kwa Revis pia, halikufika mbali. Jets wakamwacha mapema 2017, zile milioni 6 za dhamana zikiendelea kumfikia hata akikaa nyumbani, ndiyo maana hakukimbilia timu mpaka Kansas City walipomchukua Novemba.

Raga Mbele

Sisi wa raga ya Kenya tunapita hapa kimya kimya. Winga mzuri wa saba kila upande anaweza kuwa konabeki? Daniel Adongo alitoka raga akafika Indianapolis Colts 2013.

Mtazama Kiuno

Adongo alicheza mstari wa kati wa ulinzi, ambako nguvu na kukimbiza mtu mbele yako vinahamishika kwa urahisi zaidi. Winga wa raga ana kasi, ana kukaba kwa mwili, lakini kila anachofanya anakifanya akitazama mbele. Kurudi kinyumenyume yadi 10, kugeuka bila kupoteza mtu na kuutafuta mpira unaotoka nyuma ya bega lako, hivyo raga haifundishi. Afadhali aanzie timu za mipira ya kupigwa teke na kuanzishia, akimbie kumzuia anayerudisha mpira, huku akijifunza kurudi nyuma kila siku.

Mpinzani Halali

La mwisho nikalale. Super Bowl ile ya 49, iliyochezwa kwetu saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, Doug Baldwin alimfunga Revis tachidauni. Kisiwa kilizama?

Shangazi wa Spoti

Itazame tena taratibu. Robo ya tatu, mpira uko yadi 3, Seattle wanataka kuongoza 24-14. Baldwin anakata kupita katikati, Revis anamfuata kwa ndani. Zama zile mwamuzi mmoja alisimama nyuma ya mstari wa ulinzi, katikati kabisa ya njia hiyo. Revis akajikwaa kwake, Baldwin akatoka huru. Mwamuzi ni sehemu ya uwanja, hakuna adhabu wala kurudia. Timu za mashambulizi zilizijua njia hizo, na beki anatakiwa kuhesabu alipo mwamuzi kabla mpira haujaanzishwa kama anavyohesabu mstari wa pembeni. Kwa hiyo ndiyo, alifungwa, na New England wakashinda 28-24 baada ya Malcolm Butler kunasa pasi ya Russell Wilson karibu na mstari wa goli zikibaki sekunde 20.